Simu ya Mkononi na Saratani ya Ubongo: Ushahidi Uliopo na Dalili Zisizopaswa Kupuuzwa

Utangulizi

Maumivu ya kichwa ni miongoni mwa malalamiko yanayosikika kila siku katika zahanati, vituo vya afya na hospitali. Siku hizi malalamiko hayo mara nyingi huambatana na swali. Mgonjwa akishaeleza yanayomsumbua, huinua simu yake na kuuliza, "Daktari, si hii ndiyo inayoleta saratani ya ubongo?" Swali hilo lina msingi. Simu huwekwa sikioni, karibu kabisa na ubongo, na hutoa mionzi. Nalo neno mionzi limezoeleka kusikika pamoja na neno saratani.

Swali hilo lisipojibiwa vizuri, hofu huchukua nafasi ya maarifa. Chukua mfano wa dalali wa mazao ambaye karibu kazi yake yote hufanyika kwa simu. Kichwa kinaanza kumuuma kila alfajiri, na maumivu yanazidi wiki hadi wiki. Jamaa zake wanamwambia kwamba ni simu. Anapunguza mazungumzo, ananunua kibandiko kinachodaiwa kuzuia mionzi, anameza dawa za maumivu na kusubiri. Miezi mitatu baadaye anaanguka kifafa kwa mara ya kwanza maishani, akiwa na umri wa miaka 45. Huo ni mfano tu, lakini mhudumu wa afya mwenye uzoefu atautambua. Madhara yake yametokana na muda uliopotea wakati simu ikilaumiwa.

Makala haya yanaeleza mambo mawili: ushahidi wa kisayansi unasema nini kuhusu simu na saratani ya ubongo, na ni dalili zipi ambazo mgonjwa na mhudumu wa afya hawapaswi kuzisubiri, iwe mgonjwa anatumia simu au hatumii.

Saratani ya ubongo ni nini?

Saratani huanza pale vinasaba vya seli vinapoharibika kiasi cha kuifanya seli igawanyike bila mpangilio. Uvimbe unaoanzia katika seli zinazoutegemeza ubongo huitwa glioma, na baadhi ya glioma ni saratani kali sana. Uvimbe unaoanzia katika utando unaoufunika ubongo huitwa meninjioma. Mara nyingi huu si saratani, ingawa unaweza kuugandamiza ubongo na kuleta madhara makubwa. Upo pia uvimbe wa neva ya kusikia, ambao hukua polepole na si saratani. Aina hizi tatu ndizo zilizochunguzwa zaidi katika tafiti za simu, kwa sababu hutokea katika sehemu za kichwa zinazoweza kufikiwa na mionzi ya simu iliyo sikioni.

Saratani ya ubongo si ya kawaida. Kati ya kila wagonjwa wapya 100 wa saratani duniani, wasiofika 2 wana saratani ya ubongo au ya sehemu nyingine ya mfumo mkuu wa neva. Vihatarishi vyake vinavyojulikana kwa uhakika ni vichache: mionzi mikali ya kitabibu iliyoelekezwa kichwani, magonjwa machache ya kurithi, na umri. Watu wenye upungufu mkubwa wa kinga ya mwili kutokana na VVU wanaweza pia kupata limfoma ya ubongo. Kwa wagonjwa walio wengi, hata hivyo, hakuna sababu inayobainishwa. Mgonjwa na familia yake hubaki wakitafuta cha kulaumu, na kifaa kilichokuwa sikioni kila siku huwa cha kwanza kushukiwa.

Aina mbili za mionzi

Mionzi yote haifanani. Mionzi ya eksirei na ya gama huitwa mionzi ayonisha. Ina nguvu ya kung'oa elektroni katika atomu, na kwa njia hiyo inaweza kuvunja vinasaba vya seli. Madhara yake kwa ubongo yanafahamika. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi mwaka 1960, zaidi ya watoto 10,000 nchini Israeli walipigwa mionzi ya eksirei kichwani ili kutibiwa mapunye, kabla dawa za kisasa za fangasi hazijapatikana. Walipofuatiliwa kwa miongo kadhaa, walionekana kupata meninjioma na uvimbe mwingine wa ubongo kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao ambao hawakupewa tiba hiyo.

Simu haitoi mionzi ya aina hiyo. Simu huwasiliana na mnara kwa mawimbi ya redio, ambayo ni jamii moja na mawimbi yanayoleta matangazo ya redio na televisheni. Haya ni mionzi isiyoayonisha. Nishati iliyomo katika kila kifurushi cha wimbi la simu ni ndogo kuliko ile ya mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, na tofauti hiyo ni ya zaidi ya mara laki moja. Kuongeza idadi ya vifurushi hivyo hakukipi kimoja kimoja nguvu ya kuvunja vinasaba. Mtu akirusha punje za mchele kuelekea nazi iliyo juu ya mnazi, hata akimaliza gunia zima, nazi haitaanguka, kwa kuwa hakuna punje moja yenye nguvu ya kuing'oa.

Athari ya mawimbi ya redio kwa mwili iliyothibitishwa ni joto. Simu iliyo sikioni hupasha tishu za jirani kwa sehemu ndogo tu ya nyuzi moja ya Selsiasi, na mzunguko wa damu huliondoa joto hilo. Joto la ngozi linaloonekana wazi baada ya mazungumzo marefu hutokana zaidi na betri, na ngozi kufunikwa na kifaa chenyewe. Viwango vya kimataifa vya usalama vimewekwa kwa kuzingatia joto hilo: kichwa hakipaswi kunyonya zaidi ya wati 2 za nishati hiyo kwa kila kilo ya tishu, kiwango ambacho kiko chini sana ya kile kinachoweza kuleta madhara.

Hata hivyo, fizikia peke yake haitoshi kulifunga suala hili. Ingewezekana kuwepo njia nyingine ya madhara ambayo haijagunduliwa. Ndiyo maana wanasayansi wamewachunguza binadamu wenyewe.

Neno "huenda" la mwaka 2011

Mwezi Mei 2011, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni taasisi ya Shirika la Afya Duniani yenye makao yake Lyon nchini Ufaransa, liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Habari hizo zilienea duniani kote, na kwa wasomaji wengi neno "huenda" lilipotea njiani.

Makundi ya shirika hilo hupima uzito wa ushahidi. Hayapimi ukubwa wa hatari. Kundi la kwanza lina vitu ambavyo ushahidi wake umekamilika, kama vile tumbaku, pombe, na sumukuvu inayoota katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Kundi la 2B lina vitu ambavyo ushahidi wake ni mdogo na haujaondoa uwezekano wa makosa ya utafiti. Ndani ya kundi hilo imo pia dondoo ya jani zima la mshubiri. Kuwekwa katika kundi la 2B ni sawa na kusema kwamba jambo lina shaka na lichunguzwe zaidi. Ndivyo ilivyofanyika.

Tafiti zilizotegemea kumbukumbu

Shaka ya mwaka 2011 ilitokana kwa kiasi kikubwa na tafiti za kulinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa. Mkubwa kati yake ni utafiti ulioitwa Interphone, uliofanyika katika nchi 13 na kuchapishwa mwaka 2010. Watu wenye glioma 2,708 na wenye meninjioma 2,409 waliulizwa walivyotumia simu miaka iliyopita, na majibu yao yakalinganishwa na ya watu wasio na uvimbe.

Kwa ujumla, watumiaji wa simu hawakuonekana kuwa na hatari kubwa zaidi. Hatari yao ilionekana hata kuwa ndogo kidogo kuliko ya wasiotumia. Lakini katika sehemu ya kumi ya watumiaji walioripoti saa nyingi zaidi, yaani saa 1,640 au zaidi kwa jumla, hatari ya glioma ilionekana kuongezeka kwa asilimia 40.

Matokeo hayo mawili hayapatani kirahisi, kwa kuwa hakuna anayeamini kwamba simu hukinga saratani kwa wengi na kuileta kwa wachache. Maelezo yanayokubalika zaidi yanahusu udhaifu wa njia iliyotumika. Mtu aliyeambiwa kwamba ana uvimbe wa ubongo huyapekua maisha yake ya nyuma akitafuta sababu, na huelekea kukadiria matumizi yake kuwa makubwa kuliko yalivyokuwa. Baadhi ya wagonjwa katika utafiti huo waliripoti kuzungumza kwa saa nyingi kila siku kuliko inavyoweza kusadikika. Tena, watu wasio wagonjwa na wasiotumia simu walikuwa wepesi zaidi kukataa kushiriki, jambo linaloweza kupotosha ulinganisho. Watafiti wenyewe walieleza kwamba upotofu wa namna hiyo unazuia kuhitimisha kuwa simu ndiyo sababu.

Tafiti zilizowafuatilia watu

Njia bora zaidi ni kuandika matumizi ya simu kabla ugonjwa haujatokea, kisha kuwafuatilia watu kwa miaka. Nchini Denmaki, watafiti walitumia orodha za watu 420,095 waliojiunga na huduma ya simu kati ya mwaka 1982 na 1995, na kuzilinganisha na rejesta ya taifa ya saratani. Ongezeko la saratani ya ubongo halikuonekana. Utafiti huo nao ulikuwa na upungufu wake, kwani kujiunga na huduma hakuonyeshi mtu anazungumza kwa muda gani.

Nchini Uingereza, wanawake 776,156 waliulizwa kuhusu simu zao na kufuatiliwa kwa wastani wa miaka 14. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 hayakuonyesha tofauti ya uvimbe wa ubongo kati ya waliotumia simu na wasiotumia, hata kwa walioitumia kila siku au kwa zaidi ya miaka 10. Wengi wa wanawake hao hawakuwa wazungumzaji wa muda mrefu. Pengo hilo lilishughulikiwa na utafiti uitwao COSMOS, wenye washiriki zaidi ya 260,000 katika Denmaki, Finlandi, Uholanzi, Uswidi na Uingereza. Matokeo yake ya mwaka 2024 hayakuonyesha kuwa waliozungumza kwa saa nyingi zaidi walipata glioma, meninjioma au uvimbe wa neva ya kusikia kuliko waliozungumza kidogo.

Mwaka huohuo ulichapishwa uchambuzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, uliokusanya makala 63 za tafiti kutoka nchi 22. Hitimisho lake ni kwamba matumizi ya simu hayahusiani na ongezeko la saratani ya ubongo, hata kwa waliotumia kwa miaka 10 au zaidi.

Kipo pia kipimo kingine ambacho hakitegemei kumbukumbu ya mtu yeyote. Saa 1,640 zilizotajwa awali ni sawa na takriban dakika 27 kwa siku kwa miaka 10, kiwango ambacho sasa kimefikiwa na watu wengi sana. Kama simu ingeongeza glioma kwa kiasi hicho, rejesta za saratani zingeonyesha ongezeko kubwa. Katika nchi za Skandinavia, Marekani na Australia, ambako kumbukumbu za saratani hutunzwa kwa miongo mingi, ongezeko la kulingana na kuenea kwa simu halikuonekana.

Panya, watoto na minara

Hoja tatu hujitokeza mara kwa mara. Ya kwanza ni utafiti wa panya uliofanywa na serikali ya Marekani na kukamilika mwaka 2018. Panya dume waliopigwa mawimbi hayo walipata uvimbe adimu wa moyo zaidi ya wenzao. Hata hivyo, walipigwa mwili mzima, kwa takriban saa tisa kwa siku, tangu kabla ya kuzaliwa na kwa muda wa hadi miaka miwili, na viwango vya juu vilizidi vile ambavyo binadamu hukutana navyo. Jambo la kushangaza ni kwamba waliishi muda mrefu kuliko panya ambao hawakupigwa. Matokeo hayo ni sababu ya kuendelea na utafiti. Hayatoshi kutabiri yatakayompata binadamu.

Hoja ya pili ni ya watoto, ambao mafuvu yao ni membamba na watakaotumia simu kwa miaka mingi zaidi. Utafiti wa MOBI-Kids, uliofanyika katika nchi 14, uliwachunguza vijana wapatao 900 wenye umri wa miaka 10 hadi 24 waliokuwa na uvimbe wa ubongo, pamoja na wenzao wasio na uvimbe. Haukuonyesha kwamba simu iliwasababishia ugonjwa.

Hoja ya tatu ni minara. Nguvu ya mawimbi hupungua haraka kadiri umbali unavyoongezeka: umbali ukiwa mara mbili, nguvu hubaki robo. Kwa hiyo mkazi wa jirani na mnara kwa kawaida hupata mawimbi kidogo sana kuliko anayopata kutoka kwa simu iliyo sikioni mwake. Zaidi ya hayo, simu iliyo karibu na mnara hupunguza nguvu yake yenyewe, ilhali simu iliyo mbali huongeza nguvu ili isikike.

Tahadhari kwa anayependa kuchukua

Ushahidi uliopo haulazimishi mtu kubadili namna anavyotumia simu kwa kuogopa saratani. Kwa anayetaka kupunguza mawimbi, njia rahisi na zisizo na gharama zipo: kutumia spika za masikioni au kipaza sauti cha simu, kutuma ujumbe badala ya kupiga, na kuepuka mazungumzo marefu mahali penye mtandao hafifu. Vibandiko vinavyouzwa kwa madai ya kuzuia mionzi havina haja. Kizuizi kinachoziba mawimbi kweli huilazimisha simu kuongeza nguvu ili kuufikia mnara.

Hatari ya simu iliyothibitishwa iko barabarani. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, dereva anayetumia simu akiendesha ana uwezekano wa kupata ajali unaokaribia mara nne ya ule wa dereva asiyetumia, na spika za masikioni haziondoi hatari hiyo, kwa kuwa akili yake imo katika mazungumzo. Dereva wa bodaboda aliyebana simu ndani ya kofia yake ana sababu ya kuhofia ubongo wake, lakini hofu hiyo ni ya jeraha.

Dalili zisizopaswa kusubiri

Maumivu ya kichwa yaliyo mengi hayatokani na uvimbe. Hutokana na msongo, kipandauso, homa, matatizo ya macho, kukosa usingizi au shinikizo la damu lililo juu sana. Kuitazama simu kwa saa nyingi huchosha macho na shingo, na kwa njia hiyo simu inaweza kuleta maumivu ya kichwa yasiyohusiana na saratani. Mgonjwa anapaswa kufika kituo cha afya bila kuchelewa akiwa na mojawapo ya dalili zifuatazo:

- maumivu mapya ya kichwa yanayozidi siku hadi siku, yanayomwamsha usingizini au kuwa makali zaidi asubuhi, hasa yakiambatana na kutapika;
- kifafa kinachotokea kwa mara ya kwanza ukubwani;
- udhaifu au ganzi ya upande mmoja wa mwili, au kushindwa kuongea vizuri;
- kuona vitu viwiliviwili, au kupungua kwa uwezo wa kuona;
- kupungua kwa usikivu wa sikio moja, au kuyumba wakati wa kutembea;
- mabadiliko ya tabia au kumbukumbu yanayoonekana na watu wa nyumbani;
- kwa mtoto: kutapika asubuhi mara kwa mara, kuyumba, makengeza yaliyoanza ghafla, au kichwa kukua haraka kuliko kawaida.

Kifafa cha ukubwani kinastahili kutajwa kwa mkazo, kwa kuwa katika jamii nyingi bado hudhaniwa kuwa ni uchawi au mashetani, na mgonjwa hupelekwa kwingine kwa miezi kadhaa. Chanzo chake chaweza kuwa uvimbe, chaweza pia kuwa maambukizi ya ubongo kama yale ya minyoo tegu ya nguruwe, na kwa vyovyote huhitaji uchunguzi.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Mgonjwa anapouliza kuhusu simu, asichekwe wala asikatishwe. Nyuma ya swali hilo mara nyingi kuna hofu ambayo hajaitaja: jirani aliyefariki, au dalili anayoiogopa. Mhudumu anaweza kuanza kwa kuuliza, "Mama, ni nini hasa kilichokufanya uifikirie simu?" Jibu lake huenda likawa ndilo historia ya ugonjwa.

Baada ya hapo hufuata uchunguzi wa kawaida: kupima shinikizo la damu, kipimo cha malaria palipo na homa, ushauri na upimaji wa VVU, kupima nguvu za mikono na miguu, mwendo, usemi na uwezo wa kuona, na kuangalia ndani ya macho pale kifaa kinapokuwepo, kwani kuvimba kwa neva ya jicho huashiria shinikizo ndani ya fuvu. Penye dalili za hatari, mgonjwa apewe rufaa ya kupata picha ya CT au MRI. Nchini Tanzania, upasuaji wa ubongo hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na tiba ya mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, zote zikiwa Dar es Salaam. Ifaa mgonjwa aelezwe mapema kwamba mionzi ya tiba na mawimbi ya simu ni vitu viwili tofauti, ili asiikimbie tiba kwa sababu ya jina.

Hitimisho

Baada ya zaidi ya miongo miwili ya tafiti kubwa, ushahidi hauonyeshi kwamba simu ya mkononi husababisha saratani ya ubongo. Sayansi haiwezi kuthibitisha kwamba hatari ni sifuri kabisa, na ufuatiliaji unaendelea. Lakini kama hatari ipo, ni ndogo kiasi kwamba mamia ya maelfu ya watu waliofuatiliwa hawakuionyesha. Hofu ya saratani ielekezwe mahali inapoweza kuokoa maisha: kuacha tumbaku, kukausha na kuhifadhi vyema mahindi na karanga ili kuepuka sumukuvu, na kuwapatia wasichana chanjo ya HPV inayokinga saratani ya shingo ya kizazi.

Dalali wa mazao aliyetajwa mwanzoni hakuhitaji kuitupa simu yake. Alichohitaji ni mtu wa kumwambia, katika wiki ya kwanza, kwamba maumivu ya kichwa yanayokuja kila alfajiri na kuzidi hupelekwa hospitali. Na simu ileile aliyoiogopa ingemfaa kumpigia ndugu wa kumsindikiza.